Maneno Niliyoyatia Tui

Junda, Jumapili alasiri

Mwanangu Nasra,

Barua hii ikukute umekaa na umekula. Sasa hivi umetoka na dada yangu, halati yako, kwenda kuaga watu wa Mishomoroni, na mdogo wako amenilalia juu ya rundo la sare za watu, amechoka kulia kwa kuwa hamkumchukua. Cherehani nimeifunika. Nina nafasi mpaka mrudi, na nikijuavyo kinywa cha halati yako, hamrudi kabla ya Maghrib.

Mambo ya sweta, ya viatu vya baridi, ya pilipili ya kusaga niliyoifunga ndani ya soksi, hayo ameshayasema yeye, na kesho uwanja wa ndege atayarudia mbele ya watu mpaka uone haya. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu, nalo nimekaa nalo tangu kabla hujazaliwa.

Nimejaribu kukwambia kwa mdomo. Ijumaa ulipokuwa ukisukwa nilianza, "Nasra, kile kitabu..." ukanikatiza, "Usiwe na wasiwasi, Mama, nimeshakitia begini. Nimekifunga na kanga yako ile ya zamani, kisikunjike." Ukatabasamu. Nikarudi jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Mwanangu, uso wako ukiwa na furaha mimi huwa mwoga sana. Ndiyo maana naandika.

Kitabu chenyewe kina makosa. Makosa hayo ni yangu.

Haya nitakayoyasema mengi unayajua, lakini acha niyaseme upya, kwa sababu uliyajua kwa kupitia kwangu.

Nyanya yangu Mwanatumu, huyo wa kwenye picha ya kitabuni, ndiye aliyenilea Mtongwe, ng'ambo ya kivuko. Alikuwa akihesabu mwaka. Si mwaka wa kalenda ya ukutani, wala wa mwezi mwandamo tunaofungia Ramadhani. Mwaka wa wakulima, wa jua, unaoanza siku ya Nairuzi. Kila alfajiri akishasali alihamisha mbegu moja ya ubuyu kutoka kifuu kimoja kwenda kingine. Zikitimia kumi, huo mwongo mmoja, naye alipiga fundo kwenye ukambaa uliokuwa umening'inia mlangoni. Watu wakielekea mashambani walisimama nje ya ua wakapaza sauti, "Bi Mwanatumu, shikamoo! Leo tuko mwongo gani?" Naye alijibu kutoka ndani bila kuacha kupepeta mchele. Kwa miongo hiyo walijua lini wafyeke, lini watie mahindi ardhini, lini wasubiri.

Nami nilikuwa namwonea haya. Sikupata kukwambia hilo. Nilikuwa darasa la saba, najua Kiingereza kidogo, nina rafiki ambaye kwao kulikuwa na friji. Aliponitembelea alikiona kile kifuu akauliza, "Hizi mbegu ni za nini? Mwala ubuyu mkizitema humo?" Nikasema ndiyo.

Basi likizo ya Aprili akaja mgeni. Mwanamke wa makamo kutoka ng'ambo, mrefu, mpole, aliyekuwa akichomeka kalamu kwenye nywele kisha anaitafuta nyumba nzima. Watoto wakamwita Bi Kalamu, naye akalipenda jina. Kazi yake ilikuwa kutafiti namna watu wa nchi mbalimbali walivyopima wakati na kusoma nyota tangu zamani. Alishakwenda kwa watu wa jangwani na kwa watu wa visiwa vya mbali, na mwaka huo ilikuwa zamu yetu. Kiswahili alikijua, lakini kile cha kitabuni. Nyanya alikuwa hana meno, na Kimvita chake kilikuwa cha ndani hasa. Bi Kalamu akimsikiliza alikuwa akikunja uso kama mtu anayetafuta sauti ya redio. Basi mimi nikawa mkalimani. Wajomba wenyewe waliniteua: "Zuhura ana ulimi, na yuwasoma."

Nisikuongopee, nilijiona mtu mkubwa. Nilivaa ushungi mweupe wa Idi. Umeuona kwenye picha, umepinda.

Tuliketi uani. Bi Kalamu akauliza, hesabu hii aliianzisha nani?

Nyanya akasema, "Mwambie simjui. Niliikuta kwa mamangu, naye aliikuta."

Nilimtazama mgeni. Amevuka bahari, amevuka na kivuko, ameketi kwenye mkeka wetu na daftari limefunguliwa. Nimwambie simjui? Kwetu mgeni haambiwi hakuna. Umekuwa ukiniona, Nasra. Sukari ikiisha na mgeni ameshabisha hodi, namtoa mtoto kwa mlango wa nyuma na kikombe chini ya kanga, mgeni asijue. Basi na siku ile nilifanya vivyo hivyo, nikakimbilia mlango wa nyuma kuazima jibu. Nikasema, "Anasema ilianzishwa na wazee wa kale waliokuwa na hekima nyingi." Bi Kalamu akaandika.

Akauliza tena. Je, hutokea hesabu ikakosea?

Nyanya alicheka mpaka akashika kiuno. Akasema, na haya nayakumbuka kwa sababu nimeyarudia moyoni miaka yote hii: "Mbona hukosea! Mwambie mwaka mmoja, mamangu yuna mimba yangu, walipanda kwa hesabu, mvua haikuja, mbegu zikaliwa na mchwa. Wakala mihogo mpaka wakaichukia. Tangu hapo mamangu hakuiamini hesabu peke yake. Akawa yuwatazama Kilimia. Hesabu ikisema panda, na kile kishada cha nyota kiko juu bado jioni, basi twangoja. Na mimi nimetia langu, natazama siafu wakihamisha mayai. Huenda nakosea. Zuhura akianza kuhesabu yeye, ataona la kwake na atalitia."

Nyanya alipomaliza alikuwa ametulia kabisa, kama mtu aliyesema jambo la kawaida. Mimi masikio yalikuwa yakiniwaka. Nilisikia kitu kimoja tu katika maneno yale yote: tumekosea, tumekula mihogo, tunatazama siafu. Nikaona anatuvua nguo mbele ya mgeni. Nikasema:

"Anasema haikosei. Haijakosea wala kubadilishwa tangu ilipoanza."

Bi Kalamu aliacha kuandika, akamtazama nyanya kwa heshima kubwa, akaweka mkono kifuani. Kisha akaandika, akapigia mstari.

Nyanya hakuwa mjinga. "Zuhura," akasema.

"Abee."

"Mimi nimesema maneno marefu, wewe umetoa kijineno. Na hapo mwanzo nilisema kijineno, wewe ukasema khutuba. Wayatia tui maneno yangu?"

"La, nyanya. Kiswahili cha shule ndivyo kilivyo."

"Haya. Lakini tui likizidi, wali hugeuka uji."

Mgeni akaniuliza nyanya amesema nini. Nikasema anakukaribisha chakula.

Siku chache baadaye, tuliposali Maghrib, Bi Kalamu aliomba tutoke nje atajiwe nyota. Nyanya alimwonyesha Kilimia, kiko magharibi kinakaribia kuzama, na nyota ya Suheli upande wa kusini. Kisha Bi Kalamu akaonyesha nyota moja ya peke yake, chini ya Suheli, inayong'aa vizuri bila jirani. Hiyo je?

Nyanya akaikazia macho. Akasema, "Hiyo hatuna jina lake. Mwambie hatukuipa. Lakini sasa muulize yeye. Huko kwao yaitwaje? Na hao watu wengine aliowazungukia, wao waiitaje? Naitazama tangu utoto wangu. Nataka kujua kama kuna mtu aliyeiita."

Nikasema moyoni, mama yangu, nyota kubwa namna hiyo haina jina? Tutaonekana watu gani? Na hapo hapo yule mbuzi wetu jike akalia kwa nyuma ya jiko. Unajua aliitwaje yule mbuzi, Nasra? Hujui. Sikukwambia kamwe kwamba tulikuwa na mbuzi.

"Mashavu," nikasema. "Inaitwa nyota ya Mashavu."

"Mashavu! Maana yake?"

"Ni... ni mashavu ya mbingu."

Nyanya akasikia jina akageuka. "Mashavu? Kwani yuwamtaka mbuzi wangu? Mwambie simuuzi, yuna mimba."

"Amesema nini?" akauliza Bi Kalamu.

"Amesema ndiyo," nikajibu. "Ndilo jina."

Cheka, mwanangu. Kama umecheka hapo, hujakosea. Mimi pia nilicheka usiku ule na rafiki yangu, tukabanwa na kicheko mpaka tukapigiwa makelele. Tulidhani ni mzaha na utaondoka na mgeni.

Mgeni akaondoka. Kesho yake nyanya, anahamisha mbegu yake, akaniuliza, "Zuhura, mgeni alinijibuje? Ile nyota kwao yaitwaje?"

Ningeweza kusema sikumuuliza. Angenikemea kidogo, ingekwisha. Nikasema, "Hata yeye hajui, nyanya. Amesema na kwao haina jina."

Akashika mbegu ile mkononi muda. "Masikini," akasema. "Basi haina mtu popote."

Tangu siku hiyo, ikitoka nyota ile, alikuwa akiitazama kwa namna anavyotazamwa mtoto aliyefiwa. Sikuwahi kumwambia. Akaja akafa. Hilo, Nasra, linaniuma kuliko la mbuzi na kuliko la kitabu. Alikuwa na swali lake moja tu kwa watu wote wa dunia, lilifika kwangu, likaishia hapo.

Alipofariki nilikuwa nimeshaolewa huku Junda, Kisauni, na wewe uko tumboni. Nilikuta kifuu kina mbegu nusu. Mjomba mkubwa, mbele ya watu wa matanga, akaniambia, "Zuhura, wewe ndiwe uliyekuwa karibu naye. Leo tuko mwongo gani?" Nikasema sijui. Lilikuwa neno la kweli, lakini si kwa kuwa nilikuwa mkweli. Sikuwa nikihesabu tu. Nyanya alishamwambia mgeni kwamba mimi nitahesabu na nitatia langu, na nililolitia ndilo hilo, sijui. Mbegu zile watoto walizichezea, na waliokuwa wakipita wakisalimu nje ya ua wakaanza kuuliza redio.

Kitabu cha mgeni kilikuja baadaye sana, kupitia shule ya Mtongwe. Bi Kalamu aliandika kwa mkono wake ukurasa wa kwanza, "Kwa Zuhura, sauti ya nyanya yake." Nilikisoma nilivyoweza. Nilipofika palipoandikwa hesabu haikosei, nikakifunga. Nikakitia chini ya vitambaa vya bitana, mahali ambapo hapana mtu anaangalia.

Ila wewe. Ulikuwa darasa la nne unatafuta vifungo. Nakusikia bado: "Mama! Mama ndiwe huyu? Ulikuwa mwembamba hivi? Na huyu bibi ni nani, mbona wamemuandika kitabuni kama mfalme?" Nikakuambia ni nyanya yangu. Ukakaa sakafuni ukasoma kwa kidole, maneno ya Kiingereza unayaruka. Kisha ukanivuta mkono. "Twende nje unionyeshe nyota ya Mashavu."

Nikatoka nawe. Hapo ningeweza kukwambia. Mtoto wa miaka tisa angecheka habari za mbuzi akalala. Lakini ulikuwa ukiniangalia kama mtu wa maana, na mimi siku nzima nilikuwa nimeangaliwa kama fundi aliyechelewesha nguo. Tulisimama nyuma ya tangi la maji. Nikanyoosha kidole. "Ile pale," nikasema.

Miaka yote tangu siku hiyo umekuwa ukiisalimu. Ukipita na wenzako nakusikia, "Ile ni yetu, ya kwetu Mtongwe." Ulipokwenda maonyesho ya sayansi shuleni uliyaandika maneno ya nyanya kwa herufi kubwa juu ya meza yako, na mwalimu akaniita nije nipigwe picha. Nilikuja. Nilivaa buibui jipya. Nilisimama chini ya uongo wangu mwenyewe nikaambiwa nitabasamu.

Nikupe habari nyingine, maana usidhani ni utoto tu. Ule mwaka ulioanza sekondari aliniletea mama mmoja kazi ya gauni la bibi harusi, lenye mgongo wa kamba na mifupa ya plastiki ndani ya kubana kiuno. Akaniuliza, "Fundi, hii waiweza?" Sikuwa nimewahi hata kuigusa. Nikasema, "Hiyo ndiyo kazi yangu, mama." Nikakata. Nilipokwisha kukata nilijua nimeharibu, nikaendelea kushona vivyo hivyo, kana kwamba kushona kutarekebisha kilichokatwa. Siku ya kulijaribu binti wa watu alijitazama kwenye kioo, machozi yakamshuka. Mamake akaniambia polepole, "Kama hujui ungesema hujui, nikakupenda vilevile. Ningekwenda kwa mwingine na wewe ningekuletea madera yangu." Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Baada ya hapo nikajifunza kusema sijui, lakini ni kwa wateja tu. Wewe umenisikia: "Hii siijui, nenda kwa fundi wa ghorofani." Ukanisifu siku moja, ukasema, "Mama wewe mkweli bwana, unajifukuzia wateja." Nikainamisha kichwa nikatia uzi kwenye sindano.

Sasa umepata nafasi hii. Umekubaliwa kwenda kusoma hasa jambo alilolisoma Bi Kalamu, historia ya namna watu wa kila mahali walivyoijua dunia. Insha uliyowapelekea ulinisomea hapa chumbani, mimi nikiwa natia kola za sare. Ilianza, "Nyanya ya mama yangu alisema hesabu yetu haijawahi kukosea." Nikakanyaga cherehani kwa nguvu nisisikie yanayofuata. Ukapaza sauti. Nikasikia yote mpaka Mashavu.

Na mwezi ujao, umesema, profesa wako anataka usimame mbele ya wenzako uwasomee. Nimekuwa nikiliwaza hilo huku nakunja nguo zako. Watu waliosoma, kila mmoja ametoka nchi yake, na mwanangu amesimama mbele anawatajia kwa heshima zote jina la mbuzi.

Nimepima upande wa pili pia. Nikinyamaza, pengine hapana atakayejua. Bi Kalamu sina habari naye, mtu mzima sana sasa kama yu hai. Nyanya kazikwa. Rafiki yangu aliyecheka nami aliolewa mbali. Na nikisema, huenda wakakuuliza hiyo nafasi uliipata kwa maneno gani. Huenda wakakuchukulia wewe ndiye mwongo. Siwezi kukuahidi hawatafanya hivyo, maana siwajui. Nimekaa na hofu hiyo wiki nzima, na bado ninayo hapa ninapoandika. Lakini naona wewe unakwenda kujenga, na mimi ndiye niliyechimba msingi, nami ndiye najua una nini ndani. Siwezi kukupungia mkono uwanjani nikijua hivyo.

Kwa hiyo chukua haya niliyokuandikia badala ya yale ya kitabuni. Nyanya alisema hajui aliyeanza. Nyanya alisema hesabu hukosea. Alisema mamake aliirekebisha kwa Kilimia baada ya njaa, na yeye akaongeza siafu, na hakuwa na hakika na siafu. Kuna mambo mengine Bi Kalamu aliyauliza, juu ya pepo za kusi na kaskazi na juu ya zile siku chache zinazobaki mwisho wa mwaka. Sikumbuki nyanya alijibu nini, na kilichoandikwa humo sijui kama ni chake au ni changu. Nimeweka alama ya penseli penye mashaka. Nilikitoa begini jana ulipokuwa ukioga, nikakirudisha. Palipo na alama usipaamini. Palipo wazi pia uulize, wapo wazee Mtongwe bado, halati yako atakupa majina.

Kuna jambo limenishangaza nikiandika. Yale niliyoyaficha, naona sasa, ndiyo uliyokuwa ukinisimulia wewe jioni ukitoka kusoma, kwamba mtu wa sayansi hujaribu, akakosea, akarekebisha, akamwachia mwenzake. Ulikuwa ukinieleza hayo kama habari za watu wa mbali. Nilikuwa nakunja vitambaa nikisema moyoni, lo, huyu ananieleza nyanya. Mimi nilidhani nampamba, kumbe nilimfuta nikaweka mtu asiyekosea, na mtu wa namna hiyo hakuwahi kuishi Mtongwe wala popote.

Umekuwa ukiniuliza mbona sikuwa na hamu ya kukusimulia habari zake zaidi, kila siku nakurejesha kitabuni. Ni kwa sababu hiyo. Ukiniuliza sasa nitakusimulia. Alikuwa akipenda mkia wa samaki wa kukaanga, alikuwa mkali, akitembea usiku alikuwa akiimbia njia ili nyoka wasikie. Piga simu saa yoyote, wallahi, hata nikiwa na kazi ya watu.

Barua hii naitia ndani ya kanga uliyofungia kitabu. Hutaifungua kabla ya kufika, nakujua. Nimefanya hivyo kwa woga, sikatai. Ukiisoma uko mbali na una hasira, kasirika. Usinipigie siku hiyo kama hutaki. Sitamtuma halati yako kukusemesha. Na usijilazimishe kunisamehe upesi kwa kuwa mimi ni mamako na nimechoka, maana si kuchoka kulikosema yale maneno.

Lakini siku utakaposimama mbele ya wenzako, waambie. Sema mkalimani alikosea, na jina lake ulitaje, usiseme "mtu fulani". Zuhura binti Ali, wa Mtongwe, sasa fundi wa nguo Junda. Waache wacheke habari ya mbuzi, nayo ni ya kuchekesha. Wakimaliza kucheka, kuna kazi moja ya nyanya nakuomba unimalizie, kwa kuwa hao utakaokuwa nao wametoka pande zote, ndio hasa aliotaka waulizwe.

Toka nao nje siku moja wakishapata anga safi. Huko uendako sijui kama inaonekana, ukiona haionekani waonyeshe kwenye ramani zenu za nyota. Ile ya peke yake, chini ya Suheli. Waambie hivi, wala usiongeze kitu:

"Sisi hatukuipa jina. Nyinyi kwenu yaitwaje?"

Watakachojibu nipigie uniambie. Nitakwenda Mtongwe nimwambie nyanya.

Mamako,
Zuhura